Johnny Carson na Miaka Kumi Iliyofutwa

Wadau, nani kati yenu anamjua Johnny Carson? Nimewauliza washkaji watatu hapa hosteli, wote wamenijibu "ndo nani huyo?" Siwalaumu. Jamaa alistaafu Mei 1992, na sisi huku Bara televisheni tumeanza kuwa nayo 1994. Wenzetu wa Zanzibar tu ndio waliotutangulia, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kwa hiyo mzee alikuja, akatawala, akaondoka, na sisi bado tunasikiliza redio.

Kwa kifupi ni hivi. Carson alikuwa mchekeshaji wa Kimarekani aliyeendesha kipindi cha The Tonight Show cha NBC kuanzia tarehe 1 Oktoba 1962 hadi tarehe 22 Mei 1992. Karibu miaka 30, vipindi zaidi ya 4,500. Kipindi kilikuwa kinaingia hewani usiku, watu wameshaoga, wameshakula, wengine wako kitandani na taa imezimwa. Kuna Wamarekani waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata watoto, na muda wote huo sura ya mwisho waliyoiona kabla ya kulala ilikuwa ya huyo bwana.

Sasa mimi wala si mpenzi mkubwa wa vichekesho, mnanijua. Kilichonifanya nimfuatilie ni kanda. Sisi tunaosoma Historia kila siku tunaimbiwa wimbo mmoja: chanzo, chanzo, chanzo chako ni nini? Basi fikiria mtu aliyeonekana na mamilioni kila usiku, halafu ile miaka kumi ya mwanzo ya kazi yake karibu yote haipo. Haikuungua, haikuibiwa. Ilifutwa na wenye mali, kwa makusudi mazima. Nitafika huko, ila kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1925 huko Corning, jimbo la Iowa, akakulia Norfolk, Nebraska. Ni mikoa ya kilimo hiyo, mahindi mpaka macho yachoke. Alipokuwa na miaka kumi na mbili hivi alipata kitabu cha mazingaombwe, akaagiza vifaa kwa posta, akaanza kuwasumbua watu nyumbani na karata. Akiwa na miaka 14 alifanya onyesho lake la kwanza la kulipwa, dola 3, akijiita The Great Carsoni. Hapo pa mazingaombwe pakumbukeni, tutaparudia.

Vita ikaja, akaingia jeshi la majini, akarudi, akasoma Chuo Kikuu cha Nebraska na kumaliza 1949. Hiki kipande nakipenda kuliko vyote. Andiko lake la kumalizia digrii lilihusu namna wachekeshaji wanavyotengeneza vichekesho, na hakuliandika tu, alilirekodi. Alichukua vipande vya wachekeshaji wakubwa wa redio wa wakati ule, akaviweka kwenye kanda, na yeye mwenyewe anaeleza katikati: hapa wamefanya hivi, watu wakacheka kwa sababu hii. Kijana wa miaka 23 anachambua kicheko kama sisi tunavyochambua Azimio la Arusha. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema alifika alikofika kwa bahati.

Ingawa bahati nayo ilikuwepo. Alianzia redio ya WOW kule Omaha, akahamia Los Angeles, akapata kipindi kidogo cha televisheni ya pale mjini, halafu akawa anamwandikia vichekesho nyota mmoja anaitwa Red Skelton. Mwaka 1954, muda mfupi kabla kipindi hakijaenda hewani moja kwa moja, Skelton alijigonga na mlango wakati wa mazoezi, chali, fahamu hana. Wakampigia mwandishi wake: njoo haraka. Carson akaja, akasimama, akachekesha. Mwaka uliofuata CBS wakampa kipindi chake chenye jina lake, na 1956 wakakifuta. Kuanzia 1957 akawa anaendesha chemshabongo ya mchana ya ABC, Who Do You Trust?, na hapo ndipo alipokutana na Ed McMahon, yule bonge mcheshi ambaye baadaye angekuwa anamtangaza kila usiku kwa sauti ya kuvuta kama mwadhini.

Mwaka 1962 Jack Paar aliyekuwa anaendesha The Tonight Show akasema amechoka. Kiti kikawa cha Carson. Mkataba wa ABC ukambana kwa miezi kadhaa, NBC wakawa wanaziba pengo kwa wageni mbalimbali, mpaka tarehe 1 Oktoba Groucho Marx alipomkaribisha jukwaani New York.

Sasa nieleze kipindi chenyewe kilivyokuwa, kwa sababu hawa wote mnaowaona siku hizi nyuma ya dawati, na suti, na bendi pembeni, wanavaa viatu vyake. Pazia la rangi linafunguka. Anatoka mtu mwembamba, nadhifu, mikono haijui iende wapi. Anasimama na kusema maneno ya ufunguzi, vichekesho vifupi vifupi kuhusu habari za siku ile: Rais kasema nini, mkewe kadai nini kwenye talaka (alioa mara nne, na talaka zake alizigeuza mtaji). Halafu anapiga gofu ya hewani, bila fimbo wala mpira, anakwenda kukaa dawatini. Wageni wanaingia. Usiku mwingine anavaa kilemba kikubwa na kujifanya mtabiri anaitwa Carnac, anaweka bahasha kwenye paji la uso na kutaja jibu kabla ya kusoma swali lililomo ndani.

Ukiangalia vipande vilivyopo kwenye intaneti utagundua kitu. Uhodari wake haukuwa kwenye kichekesho kilichokubali. Ulikuwa kwenye kile kilichokataa. Anasema kitu, ukumbi kimya, mtu mwingine angekimbilia kinachofuata. Yeye anasimama palepale. Anaangalia kamera kama mtoto aliyevunja sahani. Anagonga kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi. Na hapo ndipo watu wanapovunjika mbavu. Baadaye ilifika mahali nadhani vibovu vingine vilikuwa vinawekwa kwa makusudi ili apate cha kuomboleza.

Na ile sebule yake ilikuwa mlango. Mchekeshaji chipukizi alisimama kwenye alama sakafuni, akatoa dakika zake tano sita. Akimaliza, macho yote kwa Carson. Akipiga makofi tu, umefanya vizuri, nenda nyumbani. Akikuonyesha ishara ya kidole, duara la sawa sawa, umefaulu. Akikuita uje ukae kwenye kochi, kesho yake simu hailali. Freddie Prinze aliitwa mwaka 1973 kwenye onyesho lake la kwanza pale, na mwaka uliofuata alikuwa nyota wa kipindi chake mwenyewe. Ellen DeGeneres aliitwa 1986. Hakuna mtihani mgumu kama huo, maana msahihishaji ni mmoja na rufaa hakuna.

Kuhusu hela hakuwa mjinga hata kidogo. Wimbo wa kipindi uliandikwa na Paul Anka, lakini Carson alihakikisha jina lake limo kama mtunzi mwenza. Kwa nini? Kwa sababu kila unapopigwa, mtunzi analipwa, na ulikuwa unapigwa kila usiku. Zidisha mwenyewe. Mwaka 1965 aligundua kwamba ile robo saa ya mwanzo, saa tano na robo mpaka saa tano na nusu, stesheni nyingi hazikuwa zinaionyesha kwa sababu ya taarifa ya habari. Yaani vichekesho vyake bora anavimwaga hewani bila watu. Akagoma. Robo saa ile akawaachia McMahon na kiongozi wa bendi, yeye anatokea saa tano na nusu. NBC walinung'unika, mwishoni robo saa yenyewe ikafutwa. Mwaka 1967 watangazaji na waigizaji walipogoma, NBC wakarusha vipindi vyake vya zamani bila makubaliano naye. Mgomo ukaisha, yeye harudi. Alikaa nje wiki kadhaa, akarudi na mkataba mnono zaidi.

Haya, sasa kanda.

Enzi hizo kanda za video zilikuwa manyago, upana wa inchi mbili, zito na ghali. Lakini zilikuwa na sifa moja: unaweza kurekodi juu yake tena. Kwa mhasibu wa NBC, kipindi cha jana usiku ni kama gazeti la jana. Nani atakitaka? Basi wakawa wanafuta na kurekodia vingine. Kipindi cha kwanza kabisa, kile cha Oktoba 1962, video yake haipo; kilichobaki ni sauti na picha za kawaida. Kati ya 1962 na 1972, mpaka kipindi kilipohamia Burbank, California, vilivyosalia ni vya kuokoteza: nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya askari wa Kimarekani walioko nje, vipande ambavyo mtu aliviweka kando, na vile ambavyo hata mhasibu aliona ni vikubwa, kama usiku wa Desemba 1969 mwimbaji Tiny Tim alipofunga ndoa mbele ya dawati la Carson.

Sasa msije mkasema "vichekesho tu, si vifutwe." Nipeni dakika moja. Februari 1968 Carson alichukua likizo ya wiki moja na kumwachia kiti Harry Belafonte. Belafonte huyuhuyu ambaye 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba ikiwa na "Malaika" ndani yake. Mtu mweusi, mwanaharakati, anaendesha kipindi kikubwa kuliko vyote vya usiku Marekani kwa wiki nzima, mwaka ambao miji ya nchi ile ilikuwa inanuka moshi. Na aliwaleta nani? Aliwaleta Martin Luther King na Robert Kennedy, pamoja na wasanii weusi ambao sebule nyingi za wazungu hazikuwa zimewahi kuwakaribisha. King aliuawa tarehe 4 Aprili. Kennedy alipigwa risasi tarehe 5 Juni na kufa kesho yake. Yaani ndani ya miezi minne wote wawili wako kaburini, na sehemu kubwa ya ile wiki imefutwa. Mazungumzo nao yamesalia, ila wiki kama wiki, na mtiririko wake, na vicheko vyake, na namna watu ukumbini walivyompokea Belafonte usiku wa kwanza, haipo. Mtu aliokoa kanda. Hesabu ya mwaka ule ilipendeza, nina hakika.

Hili linaniuma kuliko nilivyotegemea. Hotuba za King tunazo, za Kennedy tunazo, kwa sababu hotuba zilionekana ni historia wakati uleule zinatolewa. Sebule haikuonekana hivyo. Lakini mimi nikitaka kujua Mmarekani wa kawaida alifikiaje kumzoea mtu mweusi mwenye mamlaka, hotuba haitanisaidia sana. Sebule ingenisaidia.

Miaka ya sabini kanda zikaanza kutunzwa vizuri zaidi, na ndiyo maana kuna usiku mmoja wa Agosti 1973 ambao mnaweza kuuangalia hata leo. Nawaomba muuangalie. Kulikuwa na kijana kutoka Israeli, Uri Geller, anayezunguka dunia akisema anapinda vijiko kwa nguvu za akili. Maprofesa wazima walikuwa wanaanza kuamini. Akaalikwa kwa Carson. Sasa Carson ni The Great Carsoni, si mnakumbuka? Karata anazijua, mikono ya watu anaijua. Watu wake wakamuuliza mwanamazingaombwe James Randi: tufanyeje? Randi akasema leteni vijiko vyenu wenyewe, vifaa vyenu wenyewe, na msimruhusu yeye wala watu wake kuvigusa kabla.

Geller anaingia, anakuta meza imeandaliwa: vijiko, makopo madogo ambayo moja lina maji, na vinginevyo. Uso unambadilika hapohapo. Anasema hakutegemea hivi. Carson anamwambia kwa upole kabisa, chukua muda wako. Dakika zinapita. Geller anapitisha kiganja juu ya makopo. Hakuna. Anashika kijiko. Hakuna. Anasema leo hajisikii nguvu, anasema Carson anambana. Na Carson hambani! Anavuta sigara yake, anatikisa kichwa kwa huruma, anasubiri. Karibu dakika ishirini za televisheni bila kitu chochote kutokea. Hakumtukana, hakumcheka, alimnyima tu giza la kufanyia kazi. Cha ajabu ni kwamba Geller hakufa kibiashara, aliendelea miaka na miaka, kuna watu walisema kushindwa kwake ndiyo ushahidi kwamba si mazingaombwe. Binadamu bwana.

Desemba mwaka uleule Carson akatania kwamba nchi inaishiwa karatasi za chooni. Chanzo kilikuwa maneno ya mbunge mmoja wa Wisconsin aliyekuwa na wasiwasi na ugavi wa serikali. Asubuhi yake watu wakavamia maduka, wakabeba kwa mikokoteni, na rafu zilipokuwa tupu wengine wakasema "si mnaona, kweli zimeisha." Carson ilibidi arudi hewani kueleza kwamba ulikuwa utani.

Mwaka 1980, baada ya kutishia kuondoka, alipata mkataba ambao ndani yake kuna kifungu kilichokuwa na maana kuliko mshahara: kipindi kikawa mali ya kampuni yake. Kikafupishwa mpaka saa moja, na kanda zikawa zake. Baadaye zikahifadhiwa kwenye mgodi wa chumvi kule Hutchinson, Kansas, karibu mita 200 chini ya ardhi, mahali pakavu na pa baridi ambapo kanda haiozi. NBC walifuta kwa sababu haikuwaumiza. Aliyeumizwa alipopata umiliki, akachimbia chini.

Lakini nisimfanye malaika. Joan Rivers alitokea kwake mara ya kwanza 1965, na Carson alimwambia palepale hewani kwamba atakuwa nyota. Akawa kweli. Mwaka 1983 akafanywa mshika kiti wa kudumu Carson anapokuwa likizo. Mwaka 1986 kituo kipya cha Fox kikampa Rivers kipindi chake cha usiku, saa zilezile. Yeye anasema aliona orodha ya NBC ya watu wanaoweza kumrithi Carson na jina lake halikuwemo. Carson alisikia habari kwa wengine kabla ya kusikia kwake. Rivers alipompigia simu, akakata. Alipiga tena, akakata. Hakuongea naye tena mpaka anakufa. Kipindi cha Rivers kilianza Oktoba 1986, Mei 1987 Fox wakamfukuza, na Agosti mwaka huo mume wake akajiua. Hata baada ya hapo, simu haikupigwa. Na mlango wa The Tonight Show ulibaki umefungwa kwa Rivers hata Carson alipostaafu, hata alipokufa. Alirudi kukanyaga pale 2014, wakati wa Jimmy Fallon, miezi michache kabla ya kifo chake mwenyewe. Wanaume walioondoka kwa Carson na kufungua vipindi vyao hawakupata adhabu kama hiyo, Rivers alilisema hilo waziwazi na mimi sioni jinsi ya kumpinga. Mtu aliyekuwa na subira ya dakika ishirini kwa Geller hakuwa na dakika moja ya simu kwa yule mama.

Usiku wa tarehe 21 Mei 1992 alikuwa na wageni wake wa mwisho, Robin Williams na Bette Midler, na Midler alimwimbia mpaka macho yakamlenga machozi. Kesho yake hakukuwa na mgeni. Ukumbini ni familia, marafiki na wafanyakazi. Alionyesha vipande vya zamani (vilivyosalia), akawataja wanawe, akiwemo Rick aliyekuwa amekufa kwa ajali ya gari mwaka mmoja kabla, akaaga. Inakadiriwa watu milioni 50 waliangalia.

Halafu kimya. Na hapa ndipo anaponishangaza. Hakuandika kitabu cha maisha yake wala hakuwa mtu wa kutoa mahojiano. NBC walimpa kiti Jay Leno, wakati watu wa karibu na Carson wamesema yeye alimtaka David Letterman, ambaye akahamia CBS mwaka 1993. Mei 1994 Carson alitokea kwenye kipindi cha Letterman. Ukumbi ukalipuka, watu wamesimama, makofi hayaishi. Akakaa kwenye dawati la Letterman, akaangalia watu, akanyanyuka, akaondoka bila kusema neno. Hakuonekana tena kwenye televisheni.

Alikufa tarehe 23 Januari 2005 kwa ugonjwa wa mapafu, sigara zile. Alikuwa na miaka 79. Siku chache tu kabla ya kifo chake ilikuwa imejulikana kwamba huko kwenye ukimya wake alikuwa bado anasoma magazeti asubuhi, anaandika vichekesho, na kumtumia Letterman. Tarehe 31 Januari Letterman alisimama akatoa maneno yake ya ufunguzi kama kawaida, watu wakacheka kama kawaida. Alipomaliza na kukaa, akawaambia kwamba vichekesho vyote walivyovicheka usiku ule viliandikwa na Johnny Carson.

Wenye bando, anzeni na Geller. Na kama kuna mdau ana babu aliyewahi kufanya kazi redioni enzi za kanda, amuulize walikuwa wanazifanyaje zikijaa, halafu aniambie.